Oili ya Sintetiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bei na Upatikanaji Wake

Maswali haya ni yale ambayo wenye magari huyarudia kila wanapokuta bei ya oili imepanda tena, au wanapoambiwa kwamba aina waliyoizoea imekwisha. Majibu yanahusu injini za magari madogo, za petroli na za dizeli. Malori makubwa na pikipiki zina vigezo vyake na hazikuzungumziwa hapa.

Kwa nini bei ya oili ya sintetiki hupanda hata wakati mafuta ghafi yameshuka bei?

Kwa sababu kati ya pipa la mafuta ghafi na dumu la oili kuna masoko mengine matatu, na kila moja lina uhaba wake: soko la oili ya msingi, soko la viongezi vya kemikali, na soko la uchanganyaji, ufungashaji na usafirishaji. Bei ya mafuta ghafi inayotangazwa kwenye taarifa za habari huonyesha mwanzo tu wa safari hiyo.

Oili ya msingi ndiyo sehemu kubwa ya kile kilichomo ndani ya dumu, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90. Nyingi hutengenezwa kutokana na sehemu nzito ya mafuta ghafi, ile inayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Lakini sehemu hiyo hiyo inaweza kuvunjwavunjwa ikawa dizeli, na mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta hupiga hesabu zake kama mfanyabiashara mwingine yeyote: dizeli ikiwa na faida zaidi, malighafi huelekezwa huko, na oili ya msingi huadimika ingawa mafuta ghafi yapo tele. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, dizeli ilipanda bei kwa kasi duniani na ushindani huo ukawa mkali. Mwaka 2020 sababu ilikuwa nyingine kabisa. Safari zilipopungua kutokana na UVIKO-19, viwanda vilipunguza uzalishaji wa petroli na mafuta ya ndege, na kwa kuwa malighafi ya oili ya msingi hutoka katika mitambo hiyo hiyo, nayo ikapungua. Watu waliporudi barabarani, maghala yalikuwa matupu.

Viongezi navyo ni habari ya pekee. Kemikali zinazosafisha injini, zinazozuia msuguano na kutu, na zinazolinda mnato wa oili isiwe maji katika joto hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni nne tu duniani, yaani Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Karibu kila chapa ya oili, iwe maarufu au isiyojulikana, hununua kwa mmojawapo wa hao. Kwa hiyo tukio moja katika kiwanda kimoja husikika mbali sana. Moto ulizuka katika kiwanda cha Lubrizol huko Rouen, Ufaransa, tarehe 26 Septemba 2019. Baridi kali iliyoikumba Texas mnamo Februari 2021 ilisimamisha viwanda vya mafuta na kemikali kwa pamoja, na mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo kimbunga Ida kikaipiga Louisiana, ambako viongezi pia hutengenezwa. Oili ya msingi isiyo na viongezi haiwezi kuuzwa kama oili ya injini, kwa hiyo hata mwenye matangi yaliyojaa hulazimika kusubiri.

Kisha kuna kuchelewa. Mchanganyaji wa oili hununua malighafi kwa mikataba, hivyo punguzo la bei huchukua muda kabla ya kumfikia mnunuzi wa mwisho. Kupanda, kwa bahati mbaya, huwa hakuchelewi kiasi hicho.

Oili ya sintetiki ni nini hasa?

Swali hili lina uhusiano wa moja kwa moja na bei, kwa sababu vitu viwili vyenye gharama tofauti sana ya kutengeneza vinaweza kuandikwa neno hilo hilo.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama API, imezigawa oili za msingi katika makundi matano. Kundi la I husafishwa kwa viyeyushi na ndilo la zamani zaidi. Kundi la II hupitishwa kwenye hidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa ili kuondoa salfa na kunyoosha molekuli zake. Kundi la III hupitia njia hiyo hiyo kwa ukali zaidi, mpaka kiwango chake cha kuhimili mabadiliko ya joto, ambacho hupimwa kwa namba iitwayo faharasa ya mnato, kifike 120 au zaidi. Kundi la IV ni polialfaolefini, ambayo haichujwi kutoka kwenye mafuta ghafi bali hujengwa kutokana na molekuli ndogo zinazotokana na ethilini. Kundi la V ni la vyote vilivyobaki, zikiwemo kemikali ziitwazo esta.

Zamani neno sintetiki lilimaanisha Kundi la IV na esta. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Castrol ilianza kuuza Marekani oili ya Kundi la III kwa jina la sintetiki, na kampuni ya Mobil ikapinga. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara kiliamua kwamba jina hilo linaweza kutumika. Tangu hapo oili nyingi zinazouzwa kama sintetiki katika nchi nyingi zimejengwa juu ya Kundi la III, huku Ujerumani ikibaki na msimamo mkali zaidi kuhusu oili inayoruhusiwa kuitwa ya sintetiki kamili.

Ipo pia oili inayotengenezwa kutokana na gesi asilia. Mtambo mkubwa wa aina hiyo ni Pearl uliopo Ras Laffan, Qatar, ulioanza kusafirisha bidhaa mwaka 2011. Gesi huvunjwa, kisha hujengwa upya kuwa molekuli ndefu zilizo safi sana, ambazo kwa mgawanyo wa API huhesabiwa katika Kundi la III.

Je, oili ya Kundi la III ni ya kudanganyia watu?

Hapana. Kundi la III la leo ni zuri, na injini nyingi za kisasa zimebuniwa na kujaribiwa nalo. Kinachostahili kulalamikiwa ni bei: mnunuzi hana njia rahisi ya kujua kama anacholipia ni polialfaolefini au ni Kundi la III, kwani dumu halilazimiki kusema. Wakati mwingine karatasi ya usalama wa kemikali inayotolewa na mtengenezaji hudokeza, lakini si kila mara. Kwa mwenye gari la kawaida, jambo la kufuatilia ni vigezo na vibali vilivyoandikwa nyuma ya dumu. Neno kubwa lililopo mbele ni la matangazo.

Kwa nini uhaba hutokea kwa ghafla?

Kwa sababu Kundi la III hutoka katika sehemu chache. Korea Kusini ndiyo mzalishaji mkubwa, ikiwa na viwanda katika miji ya Ulsan na Onsan. Viwanda vingine vikubwa vipo Ruwais katika Falme za Kiarabu, Sitra huko Bahrain, na Ras Laffan nchini Qatar. Ukitazama ramani utaona kwamba hivi vitatu vya mwisho vipo ndani ya Ghuba, na meli zinazobeba shehena yake kwenda ng'ambo hazina njia nyingine ila Mlango-bahari wa Hormuz. Jambo lolote linalotikisa usalama wa njia hiyo huiingia bei ya oili ya gari la mtu ambaye hajawahi hata kulisikia jina hilo.

Bahari ya Shamu nayo ilitoa mfano. Kuanzia Novemba 2023 meli za biashara zilishambuliwa huko, na kampuni nyingi za meli zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari kati ya Asia na Ulaya iliongezeka kwa siku nyingi, na meli inayokaa baharini muda mrefu ni meli isiyopatikana kwa mzigo mwingine. Matengenezo ya kawaida ya viwanda, ambayo hupangwa mapema na huchukua wiki kadhaa, pia hupunguza ugavi. Viwanda viwili vikifungwa kwa matengenezo wakati ambapo cha tatu kimepata hitilafu, upungufu huonekana haraka.

Polialfaolefini ina kikwazo chake. Malighafi yake kuu, desini, hupatikana pamoja na kemikali nyingine za jamii moja, ambazo nyingi huenda kwenye viwanda vya plastiki. Hakuna anayeweza kuongeza desini peke yake kwa kufungua bomba. Uzalishaji wake hufuata kwa kiasi kikubwa mahitaji ya hizo nyingine.

Kwa nini 0W-20 hukosekana wakati 20W-50 imejaa rafuni?

Namba hizo zinatokana na kiwango kiitwacho J300 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari. Sehemu yenye herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka katika baridi: oili ya 0W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 35 za Selsiasi chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya pili huonyesha mnato injini ikiwa imepata moto.

Oili nyepesi yenye tofauti kubwa kati ya namba hizo mbili haiwezi kutengenezwa vizuri kwa Kundi la I, na kwa Kundi la II ni shida, kwa sababu oili ya msingi iliyo nyepesi kiasi hicho hugeuka mvuke upesi injini inapopata moto. Ndiyo maana 0W-20 na 0W-16 hutegemea Kundi la III na la IV, wakati 20W-50 inaweza kutengenezwa kwa oili ya kawaida inayotoka katika viwanda vingi zaidi. Aidha, watengenezaji wa magari wamekuwa wakihamia oili nyepesi ili kupunguza matumizi ya petroli. Kila mwaka magari mengi zaidi yanaingia barabarani yakitaka oili ileile yenye vyanzo vichache. Kwa maoni yangu sababu hii, ingawa haipigi kelele kama vita na vimbunga, ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa haipiti msimu ukiisha.

Je, ninaweza kutumia mnato mwingine kama uliopendekezwa haupatikani?

Anza na kitabu cha gari. Watengenezaji wengi huorodhesha mnato zaidi ya mmoja, wakati mwingine pamoja na jedwali la hali ya joto la mahali gari linapotumika. Gari linalopendekezewa 0W-20 huenda likaruhusiwa pia 5W-20 au 5W-30, hasa pasipo na baridi kali. Kama kitabu kinaruhusu, hakuna la kujiuliza zaidi.

Kama hakiruhusu, kupanda daraja moja katika namba ya pili, kwa mfano kutoka 20 hadi 30 kwa kipindi kimoja cha sevisi, kwa kawaida ni hatari ndogo kuliko kuendesha injini yenye oili pungufu. Kitakachoonekana ni kuongezeka kidogo kwa matumizi ya petroli. Kushuka chini ya namba iliyopendekezwa ni jambo jingine, kwa maana utando wa oili kati ya vyuma huwa mwembamba kuliko ulivyokusudiwa. Injini zinazobadilisha majira ya vali kwa kutumia shinikizo la oili nazo hazipendi kubahatishiwa. Kuruka mbali, kama kutoka 0W-20 hadi 20W-50, hakufai hata kwa muda.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwamba mnato ni nusu tu ya habari. Oili mbili za 5W-30 zinaweza kuwa tofauti kiasi kwamba moja inaharibu gari na nyingine inalilinda. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji oili yenye majivu kidogo, kama ile ya daraja C3 la chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, ACEA. Majivu yanayotokana na metali za viongezi hayaungui kama masizi. Hubaki ndani ya chujio mpaka linaziba, na bei ya chujio hilo inaweza kununua oili ya miaka mingi. Vivyo hivyo, injini zenye mkanda wa taimingi unaofanya kazi ndani ya oili huhitaji oili iliyoidhinishwa mahususi, la sivyo mkanda hulainika, hubanduka vipande, na vipande hivyo kuziba njia ya kufyonzea oili.

Je, ninaweza kuchanganya chapa mbili, au kuongezea oili ya kawaida kwenye ya sintetiki?

Ndiyo, kwa kuongezea. Oili zinazopata leseni ya API hupimwa kama zinachanganyika na oili nyingine bila kutengana au kuganda. Ukiwa safarini na oili imeshuka chini ya alama ya chini, lita moja ya chapa nyingine yenye mnato na daraja linalofaa haitaleta madhara. Kinachopotea ni sehemu ya ubora: ukichanganya nzuri na ya wastani, usiirefushie muda wa kumwagwa kana kwamba yote ni nzuri.

Nimetumia sintetiki kwa miaka. Nikirudi kwenye oili ya kawaida kwa sababu ya bei, injini itaharibika?

Kurudi kwenyewe hakudhuru. Ile imani kwamba injini ikishaonja sintetiki haiwezi kurudi nyuma haina msingi wa kiufundi. Kinachoamua ni kama injini hiyo inahitaji vigezo ambavyo oili ya kawaida haiwezi kuvifikia. Injini ya zamani isiyo na turbo, inayoruhusiwa 10W-40 au 15W-40, inaweza kurudi bila wasiwasi mradi oili imwagwe mapema zaidi.

Injini yenye turbo ni hadithi nyingine. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika karibu kabisa na gesi za moto za ekzosi, na oili inayopita hapo ikiungua huacha kaboni ngumu kwenye mirija myembamba. Injini za petroli zenye turbo na sindano za moja kwa moja zina tatizo la ziada la mchanganyiko wa petroli na hewa kuwaka kabla ya wakati katika mwendo mdogo wa injini, tatizo lililosababisha muundo wa viongezi ubadilishwe kabla ya daraja la ubora la API SP kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2020. Daraja jipya zaidi, API SQ, lilianza tarehe 31 Machi 2025. Kwa injini kama hizi mahali pa kubana matumizi si kwenye aina ya oili.

Je, nusu sintetiki ni nafuu ya kweli?

Inategemea. Hakuna kiwango kimoja kinachokubaliwa kila mahali cha kusema nusu sintetiki iwe na sintetiki kiasi gani, kwa hiyo dumu moja linaweza kuwa na sehemu kubwa na jingine likawa na kidogo sana. Lisome daraja lililoandikwa. Nusu sintetiki yenye API SP halali imefaulu majaribio yale yale ya injini ambayo oili yoyote ya API SP hufanyiwa. Isiyotaja daraja lolote ni ya kuachwa pale ilipo, hata kama bei yake inavutia.

Je, sintetiki bado inalipa kwa bei hizi?

Hesabu ifanywe kwa kilomita. Chukulia kwamba oili ya kawaida ya kujaza injini inagharimu fungu 1, na filta pamoja na kazi ya fundi vinagharimu nusu fungu kila sevisi. Gari likimwagwa oili kila kilomita 5,000, kilomita 10,000 zitagharimu mafungu 3. Sasa chukua sintetiki yenye bei ya mafungu 2 na nusu inayodumu kilomita 10,000: ukiongeza filta na kazi, jumla ni mafungu 3 vilevile. Kwa hiyo, chini ya dhana hizo, sintetiki inapata hasara ya kihesabu pale tu bei yake inapovuka mara mbili na nusu ya oili ya kawaida. Weka bei zako halisi mahali pa mafungu hayo. Filta na kazi zikiwa ghali zaidi, sintetiki huzidi kupata unafuu.

Hesabu hiyo huvunjika kama fundi anaendelea kumwaga sintetiki kila kilomita 5,000 kwa mazoea. Wengi hulipa bei ya oili inayodumu muda mrefu na kuitumia kwa muda mfupi, na hapo ndipo fedha nyingi zaidi hupotea.

Basi ninaweza kurefusha muda wa kumwaga oili kuliko kitabu kinavyosema?

Bila kipimo cha maabara, hapana. Muda ulioandikwa kitabuni tayari umezingatia oili iliyotakiwa. Tena vitabu vingi vina orodha mbili: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu, na wasomaji hujihesabu katika ya kwanza wakati wako katika ya pili. Safari fupi ambazo injini haipati moto sawasawa, foleni ndefu, vumbi, milima, kuvuta tela na kazi ya teksi vyote ni matumizi magumu, na vinaweza kuupunguza muda hadi nusu.

Wenye magari mengi hunufaika na uchunguzi wa sampuli. Chupa ndogo ya oili iliyotumika hupelekwa maabara, ambako hupimwa chuma, shaba, silikoni inayoashiria vumbi, petroli iliyoingia, na uwezo uliobaki wa kuzuia asidi. Kwa gari moja la nyumbani, gharama ya kipimo hicho inaweza kukaribia ile ya oili yenyewe, na hapo haina maana.

Oili iliyosafishwa upya kutokana na oili chafu inafaa?

Inafaa, ikiwa imesafishwa kiwandani kweli. Oili haichakai kwa molekuli zake kuisha. Huchafuka, hupoteza viongezi, na sehemu yake huoksidika. Ikichemshwa chini ya mgandamizo mdogo na kupitishwa kwenye hidrojeni, hutoka oili ya msingi ya Kundi la II, na mitambo michache hufikia Kundi la III. Leseni ya API haibagui chanzo cha oili ya msingi, bali huangalia matokeo ya majaribio. Hii ni tofauti kabisa na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa au kutuamishwa kwenye pipa ikauzwa tena. Hiyo ina asidi, masizi na vumbi la chuma, na mwangaza wa rangi yake hausemi lolote.

Bei ikipanda, oili bandia huongezeka. Nitaitambuaje?

Kuitambua kwa macho ni kugumu, kwa sababu madumu halisi matupu hukusanywa na kujazwa upya. Shika dumu na uanze na kifuniko. Pete ya chini ya kifuniko iwe imeungana nacho kwa vijiti vyembamba vya plastiki ambavyo havijakatika. Ikizunguka ovyo au ikiwa na gundi, lirudishe. Ukifungua, karatasi ya foili iliyo mdomoni iwe imeshika pande zote bila makunyanzi ya kuchomwa upya kwa pasi. Linganisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye dumu na ile ya kwenye boksi. Tazama kingo za lebo: lebo iliyobandikwa kiwandani haina viputo wala kona zilizonyanyuka, na maandishi madogo ya nyuma husomeka bila kutawanyika wino.

Baada ya hapo hakikisha maneno. Oili yenye alama ya duara ya API ina leseni inayoweza kutafutwa kwenye orodha ya taasisi hiyo mtandaoni, kwa jina la kampuni na la bidhaa. Kwa magari ya Ulaya, tafuta kibali chenye namba, mfano MB 229.5 cha Mercedes-Benz au VW 504 00 cha Volkswagen, na uangalie kitenzi: kusema kwamba oili imeidhinishwa si sawa na kusema kwamba inafaa kwa magari yanayohitaji kibali hicho. Kauli ya pili ni ahadi ya muuzaji, haina sahihi ya mtengenezaji wa gari. Si lazima iwe uongo, lakini bei yake isilingane na ile ya kwanza.

Ukimaliza kutumia dumu, litoboe au ukate lebo kabla ya kulitupa.

Ninunue akiba kabla bei haijapanda tena?

Oili iliyofungwa vizuri, ikikaa ndani mahali pakavu pasipo na joto kali, hudumu kwa miaka. Watengenezaji wengi hutaja takriban 5. Akiba ya sevisi moja au mbili ina mantiki, hasa kwa gari linalohitaji kibali ambacho ni shida kukipata. Zaidi ya hapo unafungia fedha kwenye madumu, na gari likiuzwa au likipata ajali, oili hiyo huenda isifae gari lijalo. Ununuzi wa hofu pia huongeza uhaba wenyewe.

Viongezi vya chupa vinaweza kuifanya oili rahisi iwe kama sintetiki?

Hapana. Haviwezi kubadilisha oili ya msingi, na vinaweza kuvuruga uwiano wa viongezi vilivyokwisha kupimwa ndani yake. Fedha ya chupa hiyo iongezwe kwenye bei ya oili yenye daraja linalotakiwa.

Je, magari ya umeme yatapunguza mahitaji na kushusha bei?

Kwa oili ya injini, polepole, kwa kuwa magari yaliyopo barabarani hudumu miaka mingi, na magari mseto bado yana injini, tena nyingi hutumia oili nyepesi kabisa kama 0W-16. Upande wa pili, oili za msingi za daraja la juu zina wateja wapya: vilainishi vya gia za magari ya umeme, na vimiminika ambamo kompyuta za vituo vya data huzamishwa ili zipoe. Wateja hao wanataka polialfaolefini na oili ya gesi asilia, yaani zile zile zilizo chache. Wakati huo huo viwanda vya Kundi la I vimekuwa vikifungwa, kwa hiyo oili nzito ya kawaida nayo haina uhakika wa kubaki rahisi.

Oili hupungua kati ya sevisi. Je, hilo linahusiana na kubadilisha chapa?

Linaweza. Oili inayogeuka mvuke kwa urahisi hupungua haraka, na kuna kipimo cha jambo hilo kiitwacho Noack: oili hupashwa moto hadi nyuzi 250 kwa saa moja, kisha hupimwa uzito uliopotea. Viwango vya API kwa oili nyepesi vinataka upotevu usizidi asilimia 15. Baadhi ya watengenezaji wa magari hudai pungufu ya hapo. Namba hiyo hupatikana kwenye karatasi ya sifa za kiufundi ya bidhaa, na ni mojawapo ya namba chache zinazoonyesha kile ambacho bei imenunua.

Kabla ya kuilaumu oili, hata hivyo, pima sawasawa. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa, kijiti cha kupimia kifutwe, kizamishwe tena na kusomwa. Rudia baada ya kilomita 1,000. Kama upungufu uliendelea hata kwa chapa ya awali, tafuta kwenye ringi za pistoni, sili za vali na uvujaji wa gasketi, na uwe na lita moja ya kuongezea ndani ya gari mpaka fundi atakapomaliza kazi yake.